Walioitwa Mwanamize

Katika mji ule mtu halii wizi mikono mitupu. Anayedai ameibiwa sharti aje barazani na pengo. Aliyeibiwa mbuzi huja na kamba iliyobaki kwenye kigingi. Aliyeibiwa sufuria huja na mafiga yake, akayapanga sakafuni vilevile yalivyokuwa jikoni, ili uwazi wa katikati uonekane na kila mwenye macho. Aliwahi kuja bwana mmoja aliyechukuliwa mke, akabeba kitanda cha kamba kichwani kutoka kwake hadi mbele ya mwamuzi, jasho linamtiririka. Mwamuzi aliinama palepale kitini, akapapasa mahali kamba zilipobonyea kwa uzito wa mtu wa miaka mingi, akasema naam, hapa kuna mtu hayupo. Pengo likishapokewa hupelekwa ghalani, nyuma ya baraza. Ukilitazama ghala hilo kwa nje utadhani ni banda la kuku, lakini wanaoingizwa humo kupanga vitu wanasema ukuta wa mwisho hawajawahi kuufikia. Wanaamini, nami sina haja ya kubishana nao.

Jambo jingine la kujua kuhusu baraza lile ni kwamba humo ndani siku zote ni alasiri. Utaondoka kwako asubuhi, mswaki bado mdomoni, ukivuka kizingiti tu unakuta jua limeshainama na watu wamechoka kwa kazi ambazo hawakuzifanya. Wenyeji wamezoea. Asiyezoea ni mwamuzi mwenyewe, Bwana Ngwali, mtu mnene mwenye mafua yasiyopona, ambaye kila akipenga kamasi hulalamika kwamba angeachwa ashone viatu kama alivyotaka ujanani asingekuwa na dhiki hizi.

Basi mbele ya huyo Bwana Ngwali alisimama Mwanamize, mchora kofia, amekumbatia kompyuta aliyoifunga kwa kanga. Aliifungua kanga, akaiweka kompyuta mezani, akasema ameibiwa. Mwamuzi akauliza ameibiwa nini. Akajibu ameibiwa Kichora. Mwamuzi akauliza hicho Kichora kilikuwa wapi kabla ya kuibiwa. Akajibu kilikuwa humu, ndani ya kompyuta. Na sasa kiko wapi? Mwanamize akaigusa kompyuta. Akasema kimo humuhumu. Watu walicheka, tena kicheko cha raha, cha watu waliopata burudani bila kiingilio.

Mwamuzi hakucheka. Alikuwa amechoka mno.

Tukiacha kicheko, tumwangalie mwanamke huyu. Kichora ni programu ya kuchorea kofia. Kofia za mji ule, kama zinavyojulikana, zimejaa viua, yaani vitobo vidogo vinavyozungushiwa uzi mpaka vikakaa imara. Uzuri wote wa kofia umo katika pale ambapo kitambaa hakipo. Zamani wachoraji walichora kwa kalamu ya risasi juu ya kitambaa, mmoja mmoja, mpaka macho yakaisha. Kikaja Kichora. Ukikichorea kona moja ya nakshi, chenyewe kinaizungusha duara zima, kinalinganisha ukanda wa ubavuni na sehemu ya juu, kinakutolea karatasi ya kufuatisha. Aliyekitengeneza hajulikani sura. Watu humwita Mwenye Kichora, na wanasema anaishi mji mwingine, wengine wanasema zama nyingine. Mwanamize alikinunua kwa haki. Aliuza cherehani yake akakinunua, mtaa mzima ukamwona hana akili, na kila asubuhi Kichora kilimuuliza, Wewe ni nani? Naye aliandika jina lake, kikamwamkia, Karibu, Mwanamize. Alikuwa akiipenda salamu ile. Alikuwa mjane asiye na mtoto, na hapakuwa na mwingine nyumbani wa kumwita jina asubuhi.

Mama yake ndiye aliyekuwa bingwa wa nakshi. Bi Mwanakombo hakuwahi kuchora kwenye karatasi; nakshi zake zote zilikuwa kichwani, na alipougua kifua akaona atakwenda nazo. Ndipo binti akavuta kompyuta karibu na kitanda, mama akawa anasema, binti anachora. Panda kidogo. Sasa shuka. Acha nafasi ya punje ya mtama. Walianza na nakshi ndogondogo, wakamalizia na ile kubwa kuliko zote, ambayo mama aliiita Njia ya Kisimani na ambayo hakuwahi kumshonea mtu yeyote. Wakiwa karibu na mshono, pale ncha mbili za ukanda zinapokutana, mama akashikwa na kikohozi kikali, Mwanamize akashtuka, mkono ukateleza, kiua kimoja kikakaa upande. Alipotaka kukirekebisha mama alimzuia kwa kiganja.

"Kiache hichohicho," alisema. "Watajua nami nilikuwepo."

Hakumaliza wiki. Na Mwanamize hakuishona Njia ya Kisimani, si kwa sababu alikosa nafasi, bali kwa sababu aliogopa kuimaliza. Iliyomalizwa imemalizwa. Aliifungua tu kila asubuhi baada ya salamu, akaisogeza mpaka karibu na mshono, akakitazama kile kiua kilichokaa upande, kisha akaifunga na kuendelea na kazi za watu. Ndivyo alivyokuwa akimwamkia mama yake.

Sasa inaingia Salhina. Salhina ni jirani, mlango kwa mlango, shoga wa tangu utotoni, mchora kofia vilevile, mwenye mkono mwepesi na moyo mwepesi zaidi. Mwanamize alipoanguka homa baada ya matanga, ni Salhina aliyempikia uji, aliyemkanda, aliyemsafisha. Na ni Salhina aliyekaa kwenye kompyuta ile kumalizia kofia za mteja aliyekuwa akigonga mlango kila mara. Alipomaliza akachomeka flashi, akakinakili Kichora na kila kilichokuwa ndani yake, akaenda nacho kwake. Kijana wa mjini akamkatia ule ulimi wa kuuliza Wewe ni nani, kikabaki kinasalimu tu bila kuhoji. Hakuona kama ameiba. Katika mtaa ule wanawake huombana moto. Ukiamka jiko lako limepoa unakwenda kwa jirani na kigae, unachukua kaa moja, unarudi unapuliza. Hakuna aliyewahi kuitwa mwizi wa moto. Basi wifi yake Salhina alipomwomba, akampa. Wifi akampa mwenzake. Kichora kikaenda jiko kwa jiko mpaka mtaa mzima ukawaka.

Ila kaa hili lilikuwa na jina. Kila kilipofunguliwa, katika kila nyumba, kiliamkia vilevile: Karibu, Mwanamize. Mwanzoni walicheka. Wakataniana sokoni, hujambo Mwanamize, sijambo Mwanamize mwenzangu. Lakini mtu akiitwa jina kila asubuhi kabla hajanywa chai, tena kwa upole, kuna kitu ndani yake kinaitika. Wakaanza kulizoea. Mwanamke mmoja aliitwa na mumewe kwa jina lake la kuzaliwa, asigeuke. Mwingine alipoota, alimwota Bi Mwanakombo akimfundisha kuacha nafasi ya punje ya mtama, akaamka analia kwa kumkumbuka mama ambaye hakumzaa. Hata masharubu hayakuzuia jambo hili: Makame, mwanamume mshona majoho, alikuwa akiitika Mwanamize bila hata kuinua uso.

Mwanamize mwenye jina aliyaona hayo na hakukasirika. Nasema kweli. Alicheka kama wengine. Alipopona homa aliona mji unapendeza, kofia zimekuwa nyingi na nzuri, hata makuli wamevaa nakshi ambazo zamani zilivaliwa na maharusi. Siku moja alimwona bwana mmoja amevaa Njia ya Kisimani. Moyo ulimpasuka na ukafurahi kwa pamoja. Alimfuata yule bwana vichochoro viwili, akimtazama kichwa, akimwona mama yake anatembea mbele yake juu ya mwili wa mtu mwingine. Kuna kitu kilimkera katika ile kofia, asijue ni nini. Akadhani ni machozi yake mwenyewe. Yule bwana akaingia msikitini, na yeye akarudi nyumbani.

Kisha asubuhi moja Kichora kilimuuliza, Wewe ni nani? Akaandika. Kikauliza tena. Akaandika tena. Kikamwambia: Si kweli.

Ilikuwa hivi. Kila nakshi inayotolewa na Kichora hubeba chini yake, kwa maandishi madogo, jina la mwenye kukinunua. Mwenye Kichora, huko aliko, aliona kofia zinazotoka mji ule zote zimeandikwa Mwanamize, asubuhi Mwanamize, jioni Mwanamize, kazi ya mikono isiyoweza kuwa ya mtu mmoja. Akaamua kwamba huyo Mwanamize ni mwongo. Akafunga mlango. Na mlango alioweza kuufunga ulikuwa mmoja tu, ule uliokuwa bado una ulimi wa kuuliza. Waliokata ulimi hawakupata habari. Waliendelea kuamkiwa. Katika mtaa mzima, aliyefungiwa nje ni yule peke yake aliyekuwa na haki ya kuingia, na nyuma ya mlango huo, akiwa mzima, hajaguswa, alikuwa mama yake na kiua chake kilichokaa upande.

Usiku na mchana vilipishana huko nje, au havikupishana, yeye hakuvifuatilia. Alikaa mbele ya kile kioo akiongea ndani kwa ndani.

Sijapotelewa. Nikipapasa, kipo. Nikikitaka, hakipo.

Anayechukua nguo yangu ananiacha uchi, na uchi unaonekana. Anayechukua mfano wa nguo yangu ananiacha nimevaa. Sasa mbona nasikia baridi?

Nililipa ili niwe nani? Waliolipa na wasiolipa wanavaa kofia ileile. Kama tofauti yetu ni malipo tu, basi nilichonunua ni tofauti, na tofauti ndiyo iliyochukuliwa. Lakini tofauti haishikiki. Nitaibebaje mpaka barazani?

Na kama sikuibiwa mimi, ameibiwa nani? Mwenye Kichora? Yeye amenifungia. Watu wananiambia nimwonee huruma mtu aliyenifungia.

Salhina alinilisha uji kwa kijiko. Namchukia. Ule uji ulikuwa mtamu.

Mambo kama haya mtu akiyafikiria peke yake muda mrefu huanza kusikia yakijibiwa, ndiyo maana aliifunga kompyuta kwa kanga akaenda kushtaki. Na sasa tumerudi palepale kwenye alasiri ya Bwana Ngwali, watu wamemaliza kucheka, na Salhina ameitwa mbele kujieleza.

Hakukana hata neno. Alieleza juu ya homa, juu ya mteja aliyekuwa akigonga, juu ya flashi. Alisema mtaa ule ulikuwa na wachoraji wawili na sasa una wengi, na watoto wanakula. Alisema yuko tayari kuapa kwamba hakuondoka na kitu. Kisha akamgeukia mwenzake, na sauti yake ilikuwa ya kumbembeleza, maana hata yeye alikuwa akiumia.

"Shoga, miaka yote niliyokuja kwako kuomba kaa la moto, jiko lako lilizimika hata siku moja?"

"Halikuzimika," alisema Mwanamize. "Lakini kaa halikuitwa jina langu."

Watu wakaanza kunong'ona kila mmoja upande wake. Wapo waliosema maskini ana haki, alitoa chake akanunua, leo yeye ndiye anayelala nje. Wapo waliosema aliyemlaza nje ni Mwenye Kichora, basi amshtaki huyo akimpata. Mwamuzi alipenga kamasi, akakunja leso, akaifunua, akaikunja tena. Ukimtazama ungemwona anatafuta mahali pa kuiweka kesi hii asipaone. Ghala lote lile, na hapakuwa na rafu yake.

"Mama, mimi sihukumu uchungu," alisema mwishowe. "Nahukumu pengo. Ulilonalo lilete, kama huna nenda kwa amani."

Mwanamize alitazama mikono yake, akaitazama kompyuta. Akatafuta. Hakuwa na kamba wala kigingi. Alisema hana.

Mwamuzi akamwashiria karani afunge shauri. Na utaratibu wa kufunga shauri ni kwamba mlalamikaji huitwa jina kwa sauti, akaitika, akaondoka. Karani akasimama, akakohoa kusafisha koo, akaita Mwanamize.

Wakaitika. Lo, waliitikaje! Wifi yake Salhina aliitika, na mwenzake wifi, na wale wanawake wa safu ya mbele na waliokaa kwenye ngazi, na Makame mwenye masharubu aliitika kwa sauti nzito. Salhina mwenyewe aliitika, kisha akajiziba mdomo. Hawakufanya mzaha. Waliitwa, wakaitika, kama mtu anavyofumba jicho likirushiwa mchanga. Sauti zao zikagonga ukuta zikarudi, na baada ya hapo kila mtu akamwangalia jirani yake kwa haya.

Mmoja tu hakuitika. Alikuwa amefungua mdomo. Jina lilipoitwa alilisikia vizuri, akalijua ni jina, hata akaona ni zuri. Ila alisubiri kuona ni la nani.

Bwana Ngwali aliinuka kitini, jambo ambalo halikuwahi kuonekana. Alizunguka meza akaja akasimama karibu na Mwanamize, akamtazama mdomo ule uliokuwa wazi, usiotoa kitu, kwa utulivu uleule aliowahi kukitazamia kitanda cha kamba. Akasema pengo ameliona. Akamwamuru karani aandike kwamba lipo.

Ungedhani huo ndio ushindi wenyewe, na Mwanamize naye alidhani hivyo kwa muda wa pumzi moja. Lakini hukumu za kule zina njia moja tu. Pengo likionekana hujazwa kwa kile kilichochukuliwa: mbuzi kwa mbuzi, sufuria kwa sufuria. Salhina alichukua nakala, basi Salhina atarudisha nakala. Mwamuzi alisema hivyo, akarudi kitini, akapenga kamasi. Kama kuna mtu aliyeona kwamba nakala iliyorudishwa haimwondolei Salhina yake, wala haiwaondolei wengine jina, hakusema. Jua lilikuwa palepale.

Waliondoka pamoja wale mashoga wawili, mmoja na kompyuta, mwingine na flashi, na nje walikuta bado asubuhi.  Nyumbani, Salhina alichomeka flashi kwa mikono ya mtu aliyekwisha kufanya kazi hiyo mara nyingi. Yakatokea maandishi kiooni: ili hiki kikae, kile cha zamani kifutwe. Salhina akamsogezea kipanya. Alimweleza kwamba viwili havikai chumba kimoja, asiogope, kila kitu kimo humu kwenye flashi, kila nakshi ya marehemu, aliibeba yote. Na alisema kweli kama alivyoijua.

Mwanamize alisita. Nyuma ya ule mlango wa zamani kulikuwa na kitu ambacho hangekifikia tena maishani, na hapa palikuwa na kitu kilekile ambacho angekifikia sasa hivi. Alijiambia ni kilekile. Aliuliza moyoni mara ya mwisho kama kuna tofauti kati ya kitu na mfano wake usiopungua hata nukta, na kwa kuwa mtaa mzima ulikuwa umeshamjibu, na baraza limemjibu, alibofya. Cha zamani kikafutika bila kelele.

Kichora kikafunguka. Hakikumuuliza yeye ni nani. Karibu, Mwanamize, kilisema, naye akageuka nyuma kutazama nani ameingia. Alikuwapo Salhina tu, kidole mdomoni, anasubiri kumwona akifurahi.

Akaifungua Njia ya Kisimani. Ikaja yote, imetandazika, nyeupe, na viua vyake mstari kwa mstari kama nyayo za mtu anayejua anakokwenda. Furaha ilimpanda mpaka kooni. Akaisogeza polepole, panda kidogo, sasa shuka, mpaka karibu na mshono. Akasimama hapo. Akarudi nyuma kidogo, akaja tena. Viua vilikuwa vimenyooka, vyote, kimoja baada ya kingine.

Salhina aliona anapopatazama, akatabasamu, akamwekea mkono begani.

"Kile kilichopinda nilikunyooshea mapema, siku ileile ya kwanza. Nilijua ulichora na majonzi, shoga, ukakosea."

Alisema kwa mapenzi, na ndivyo ilivyoenea, jiko kwa jiko, mpaka kichwani kwa yule bwana aliyeingia msikitini.  Mwanamize alikishika kipanya, akakiweka kishale juu ya kiua kile, akataka kukirudisha kilivyokuwa. Akakisogeza kulia. Sivyo. Akakisogeza kushoto, akakishusha, akakipandisha. Alikuwa amekitazama kila asubuhi, na sasa hakujua kilielekea wapi. Lilikuwa ndilo pengo lenyewe, dogo kuliko punje ya mtama, nalo limekuja baada ya shauri kufungwa.

 Kisha akafumba macho, mkono ukiwa juu ya kipanya, akavuta pumzi, akakohoa kwa nguvu kama alivyokohoa mama yake, kuona mkono utateleza upande gani.

Mkono haukuteleza.